Hedifoni za Bwana Koma

Mume wangu si kiziwi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia wifi yangu siku ya Jumatatu, nikiwa na misumari minne mdomoni na nyundo mkononi, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote atakayesema vingine.

Wifi alikuja kwenye karakana yangu kuchukua viti vyake viwili nilivyovibadilishia vitambaa. Viti hata hakuvitazama. Alikaa juu ya rundo la sponji mpya, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kuzika.

"Baba naye alianza hivihivi, wifi yangu," akasema. "Mara hakusikia mlango, mara hakusikia simu. Ukoo wetu masikio hayadumu. Afadhali mjizoeshe mapema."

"Tujizoeshe nini? Ndugu yako akiwa sebuleni, mimi nikinung'unika jikoni, ananijibu. Kiziwi gani huyo?"

"Mimi nasema tu."

"Basi sema kidogo. Na unanibonyezea sponji."

Nilikuwa na sababu ya kuwa mkali. Mume wangu ni mnakili. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa katika chumba kimoja cha ofisi ya kumbukumbu, akisikiliza rekodi za mashauri na kuyaandika neno kwa neno. Wenzake wanamwita Bwana Koma, kwa kuwa aliwahi kubishana na mwanasheria siku mbili nzima juu ya koma moja, na akashinda. Katika kazi yao mnakili haruhusiwi kubahatisha. Pale asiposikia anaandika neno moja ndani ya mabano: haisikiki. Zamani Bwana Koma angeweza kumaliza mwezi bila kuliandika neno hilo hata mara moja. Sasa ukurasa mmoja wa wiki iliyopita ulikuwa nalo mara kumi na moja.

Msimamizi wao ni binti mwenye adabu zake. Hakumfokea. Alibandika tangazo kwa ajili ya wanakili wote tisa: Ijumaa saa tatu asubuhi kutakuwa na jaribio, rekodi moja kwa wote, na atakayezidisha haisikiki tatu kwa ukurasa atahamishiwa stoo ya majalada. Kila mtu chumbani alijua tangazo lile limeandikwa kwa ajili ya nani.

Mwingine atasema stoo nayo ni kazi. Sibishi. Lakini mimi namjua mtu wangu. Huyu ni mtu anayeweza kukuambia shahidi amevuta kiti au amesimama, kwa kusikia tu. Kule stoo hakuna anayesema kitu. Ni maboksi, vumbi, na ngazi ya chuma. Ukimpeleka Bwana Koma mahali pasipo na sauti ya mtu, atarudi nyumbani kila jioni akiwa mzima wa mwili na amekwisha kabisa.

Jioni ile nilimkuta amekaa kwenye pembe ya dirishani ya kochi letu, viatu bado mguuni. Pembe ile nayo ilikuwa ugomvi wetu wa siku nyingi. Miaka yote yeye alikaa pembe ya ukutani, yenye springi nzima na mto nilioushona kufuata mgongo wake. Mwaka juzi, bila kuniambia kitu, akahamia ya dirishani, ambako springi imelegea na jua linakuchoma shingo. Nilipomuuliza alisema anapenda upepo. Mume wa fundi makochi, anakaa ndani ya shimo, na wageni wanaona! Nikala kiapo kwamba siitengenezi pembe ile mpaka arudi kwake.

"Labda wakati wangu umefika," akasema, huku akifungua kamba za viatu.

"Wakati gani?"

"Wa kuwapisha vijana."

Nilimwangalia. Kumsikia akisema vile kwa sauti ya kawaida, kama anayesema sukari imekwisha, kuliniuma kuliko maneno yote ya dada yake.

"Lete hizo hedifoni," nikamwambia.

"Za nini?"

"Lete."

Kila mnakili ana za kwake na anazibeba mwenyewe. Zile za zamani, nzito, zilikufa moja moja, na mwaka jana ofisi ikanunua hizi kwa katoni, za bei ya chini kabisa, na za akiba zipo kabatini kwa atakayeacha zake nyumbani. Plastiki nyepesi ajabu, upinde wake ukiukunja unalia, na pedi za masikio nyembamba kama kaki ya biskuti. Nilizichomeka kwenye simu yangu, nikaweka mtangazaji anayesoma habari. Sauti yake ilikuwa kama amewekwa ndani ya pipa na anapigapiga pipa kwa ngumi. Mshindo ulikuwepo wa kutosha, maneno yalikuwa ya kutafuta.

"Unaona?" nikasema. "Ugonjwa uko hapa. Haupo kwenye masikio yako."

"Wenzangu wanane wanatumia hizohizo," akasema polepole.

"Wenzako wanane ni watoto. Wakikosa neno wanabahatisha. Wewe hubahatishi."

Akavua viatu, na mimi nilichukulia kwamba nimeshinda.

*

Kanuni za ofisi zinasema mnakili atatumia hedifoni alizopewa na ofisi, basi. Nilimfanya anisomee kanuni zote mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hedifoni hizo haziruhusiwi kushonwa.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa fundi redio, ambaye kibanda chake kinapakana na karakana yangu, kuazima bisibisi ndogo. Yeye na mume wangu ni marafiki, kwa hiyo huniita shemeji, na hilo humpa ruhusa ya kunicheka.

"Shemeji, hizi hazitengenezwi," akasema, akizipindua kwa kidole kimoja. "Hizi zinatumiwa, zinatupwa. Ukitaka sauti nzuri nunua nzuri."

"Kwani nimekuuliza? Nimeomba bisibisi."

"Utazifanyia nini?"

"Utaona."

Ukweli ni kwamba umeme siujui. Lakini kuna kitu kimoja ninachokijua kwa miaka mingi. Ukiingia kwenye nyumba mpya isiyo na kitu ndani, sema neno, na ukuta utakurudishia neno hilo juu ya lile unalolisema sasa. Ingiza makochi mawili na mapazia, chumba kinatulia, maneno yanasikika. Nilipofungua kikombe cha kushoto cha zile hedifoni nikakuta spika ndogo, kubwa kidogo kuliko sarafu, imekaa peke yake mbele ya ukuta mtupu wa plastiki. Nikacheka kwa sauti. Hiki kilikuwa chumba kisicho na makochi!

Nikafunga kibwebwe. Nilijaza sponji ngumu vikombe vyote viwili, nikaisindilia kwa kidole kama ninavyosindilia pembe za mto ili usije ukasinyaa. Nilipokuwa nafanya hivyo nikaona nyuma ya kila kikombe kuna matundu matatu madogo, mtu ameyatoboa na kuyaacha wazi, hata kifuniko hakuna. Damu ilinichemka. Kwangu, mwanafunzi akiniachia tundu kwenye kitambaa, siku hiyo hali chakula kwa raha. Nikayaziba yote sita kwa gundi na vipande vya ngozi, vizuri kabisa, huwezi hata kujua palikuwa na tundu.

Kitu cha kumpima nacho nilikuwa nimekiandaa tangu Jumatatu usiku, yeye akiwa amelala. Rekodi za mashauri haziruhusiwi kutoka ofisini, kwa hiyo nilitengeneza yangu. Niliweka simu mezani sebuleni, nikaingia jikoni, nikafungua bomba, na huku naosha masufuria nikaongea kwa dakika tatu. Sikuwa na hotuba, nikasema yaliyokuwa moyoni. Kwamba taulo linaachwa kitandani. Kwamba mlango wa bafu unalia na mtu anapita tu. Kwamba dada yake amekuja kunikalia sponji mpya. Maswali mengine niliyauliza nikiwa nimeupa mlango mgongo, kama watu wa kwenye mashauri, ambao hawaongei kwa kumhurumia mnakili.

Aliporudi jioni alikuta kompyuta yake ndogo iko tayari. Kabla sijajaza sponji, asubuhi kabla hajaenda kazini, nilikuwa nimemsikilizisha dakika hizohizo tatu, na alikuwa ameandika haisikiki kumi na nne. Sasa alizivaa, akaweka vidole kwenye herufi, akaanza. Mimi nilisimama nyuma yake nikihesabu.

Zilifika kumi na tisa.

"Sauti imebanwa," akasema, akizivua kwa uangalifu asije akaniudhi. "Kama mtu aliyeshikwa pua. Lakini kazi ya mkono ni nzuri sana, mke wangu. Haina hata uzi unaoning'inia."

Ningempiga na mto.

*

Jumatano nilikuwa namalizia kiti cha kinyozi, cha ngozi bandia nyeusi. Niliuweka mto wake juu ya meza, na kama kawaida nikaukalia ili kuupima. Mto ukatoa pumzi, fyuuu, kupitia matundu madogo yenye pete za shaba niliyoyatoboa mwenyewe kwa nyuma.

Niliinuka, nikakaa tena. Fyuuu.

Ngozi bandia haipitishi hewa. Ukishona mto wa ngozi bila kuuachia matundu, mtu akiukalia hewa haina pa kwenda, mto unakuwa mgumu kama jiwe, na siku moja mshono unapasuka. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Mimi huwafundisha wengine. Na bado nilichukua kitu kinachosukuma hewa mbele na nyuma, maana spika hata mtoto anajua inatikisika, nikakiziba matundu yake yote na kujisifu kwamba mshono hauonekani.

Nilijicheka, halafu nikajitukana, halafu nikachukua bisibisi.

Safari hii sikuwa na haraka. Matundu yote sita niliyafungua kwa ncha ya sindano na kuyasafisha. Sponji ngumu niliitoa yote. Kwenye ukuta wa ndani wa kikombe cha kushoto nilibandika duara moja la kitambaa kizito cha sufu, la kuunyamazisha ukuta tu, na juu yake pamba kidogo niliyoichambua mpaka ikawa kama ukungu. Spika nikaiachia nafasi ya kupumua. Ile pedi ya kaki niliitupa. Nikakata sponji laini, nikaizungushia kitambaa cha pamba, nikaishona kwa sindano iliyopinda mpaka ikawa pete nene, ili sikio liingie ndani na kutulia badala ya kugandamizwa, na kelele za nje zisipate mlango.

Kikombe cha kulia sikukigusa. Huo ndio utaratibu wangu tangu nianze kazi. Kama kuna viti sita, natengeneza kimoja kwanza, na mwenye viti anakaa kwenye kipya na cha zamani, anahama, anarudi, mpaka mwili wake wenyewe useme. Maneno ya mteja siyaamini. Makalio yake nayaamini.

Fundi redio alipita kuchukua bisibisi yake, akazijaribu akiwa amesimama mlangoni. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kushoto. Hakucheka.

"Shemeji," akasema, "hapa kushoto umefanya nini?"

"Nimeingiza makochi," nikamwambia. Akaniachia bisibisi.

Na Bwana Koma alipozivaa jioni ile, nilimwona akinyanyua kichwa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikombe cha kushoto, akakishika.

"Huyu hapa mtu anasema," akanong'ona. "Nasikia mpaka sufuria inavyowekwa. Kulia bado ni pipa. Lakini kushoto..." Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka ulipoanza, na akaandika mistari minane mfululizo bila kusimama. Kule kwenye swali nililouliza nimeupa mlango mgongo, bomba likiwa wazi kabisa, akasita na kuweka haisikiki. Mwishoni zilikuwa sita.

"Kesho nafanya cha kulia," nikasema, "na keshokutwa tunawaonyesha."

Niliingia jikoni nikiimba. Kwa sauti, na vibaya.

*

Alhamisi wanakili walipewa nusu siku wapumzishe masikio yao. Saa saba mchana alikuwa kwenye karakana yangu, amekaa kwenye kiti cha kinyozi, akinitazama nikifunga kikombe cha kulia. Nilikuwa nimekifanya pacha wa mwenzake. Duara la sufu kutoka kipande kilekile. Pamba niliipima kwa mzani wangu wa gundi. Hata mishono ya pedi niliihesabu, arobaini na miwili kushoto, arobaini na miwili kulia.

"Vaa."

Akavaa. Akasikiliza. Uso wake haukubadilika.

"Kushoto vizuri," akasema.

"Na kulia?"

"Kulia bado kidogo."

Nikakifungua. Labda pamba ilisogea na kuegemea spika. Niliitoa, nikaichambua upya, nikafunga. Akavaa. Kulia bado. Nikakifungua tena, nikaangalia matundu moja moja kwenye mwanga, nikayapitisha sindano. Kulia bado. Mara ya tatu nilifumua mishono yote arobaini na miwili na kuishona pedi upya kutoka mwanzo kwa hasira, kwa sababu kazi yangu mwenyewe ilikuwa inanigomea mbele ya mume wangu na saa zilikuwa zinakwenda.

"Basi, inatosha hivi," akasema.

"Haitoshi! Vikombe ni viwili, vinafanana kama mayai, haiwezekani kimoja kiseme na kingine kinyamaze!"

Nilizinyakua, nikazivaa mwenyewe. Nikaweka rekodi. Nilijisikia nikilalamika juu ya taulo, wazi, kushoto na kulia, sawasawa. Nikasikiliza tena. Sawasawa kabisa.

Nilizivua, na nilipokuwa nazirudisha kichwani mwake nikazishika kinyume. Siwezi kusema nilifanya kwa kukusudia au mikono ilikuwa imechoka. Kikombe cha kushoto kilikaa kwenye sikio la kulia, na cha kulia kikakaa kwenye sikio la kushoto. Nikabonyeza.

"Sasa?" nikauliza. "Wapi kuna pipa?"

Alikuwa anaangalia sakafu, kwenye vipande vya uzi.

"Palepale," akasema. "Upande wa kulia."

Nje mtu alikuwa anapiga bati. Nilizivua hedifoni kichwani mwake, nikaziweka mezani, na nikakaa juu ya rundo la sponji, palepale alipokaa wifi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Kwanza nilidhani ni nta. Halafu nikaanza kuweka simu sikio la kushoto. Hizi za ofisi zilipokuja, hata la kushoto likaanza kupotea kwenye huo mshindo, nikasema basi, yote yanakwenda." Alijisugua magoti kwa viganja. "Ulivyokuwa unasema kwa nguvu kwamba mimi si kiziwi, nilishindwa kukuambia. Nilitaka uwe unasema kweli."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia sana. Mtu ameniacha nifumue mishono arobaini na miwili nikitafuta kosa ambalo yeye analijua liko wapi. Na chini ya hasira ile kulikuwa na hofu, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nimejishikiza kwenye neno moja, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha. Nililia kidogo. Yeye akanipa kitambaa, na kilikuwa kitambaa cha kupangusia gundi.

Nilipokwisha kufuta uso nikachukua tena bisibisi.

"Naongeza nguvu ya kulia," nikasema. "Natoa pamba yote, naweka spika karibu na sikio, naongeza pedi, lazima kuna njia. Tuna mchana mzima."

"Hakuna njia, mke wangu."

"Wewe hukujua kama kuna njia ya kushoto, nikaipata!"

"Kushoto kulikuwa na ugonjwa wa kikombe." Alinishika mkono. "Nisikilize. Kulia hainiletei maneno. Inaniletea ngurumo, na ngurumo inafunika kushoto. Ndiyo maana zinabaki zile sita. Ukiinyamazisha kulia kabisa, naweza kufanya kazi."

"Kuinyamazisha vipi?"

"Kata waya."

Nilikataa. Nilisema ni mali ya ofisi. Nilisema tusubiri tumuone daktari wa masikio kwanza, na akakubali kwamba Jumatatu tutakwenda, lakini jaribio ni kesho. Nilisema tuweke pamba sikioni, na akasema amekwisha jaribu ofisini, ngurumo inapita pamba. Ule waya ulikuwa mwembamba kuliko uzi wa kushonea magunia, na niliona kwamba nikiukata nitakuwa nimetia sahihi kwamba sikio lake limekwisha.

"Ukitaka nikate mwenyewe," akasema.

"Usiguse kitu changu."

Kwenye karakana yangu kuna mkasi mmoja ambao haushikwi na mtu. Ni wa kitambaa tu. Mwanafunzi aliyewahi kukatia karatasi kwa mkasi ule nilimrudisha kwao siku mbili. Nilikuwa na koleo mezani, lingetosha, lakini sikulitazama. Nilifungua kikombe cha kulia mara ya nne, nikautoa ule waya mwekundu, nikaweka makali ya mkasi wangu juu yake, nikapiga moyo konde, nikakata. Makali yaliingia pengo dogo. Lipo mpaka leo, na nikikata hariri linanikwaruza.

Halafu nilifanya kazi niliyotakiwa kuifanya. Kikombe cha kulia nikakisindilia sponji ngumu mpaka mwisho na kuyaziba matundu yake matatu, kwa gundi na ngozi, ule ufundi wangu wa Jumanne. Sasa hakuna kelele ya chumba, wala ya kiti cha jirani, ambayo ingepenya upande ule kumsumbua. Cha kushoto nikakiacha na pumzi yake.

Alizivaa, akanipa ishara nibonyeze. Alikunja uso, akafumba macho. Dakika tatu zilipita. Hakuandika chochote safari hii, alisikiliza tu mpaka mwisho, na mwishoni akafumbua macho na kunitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Vipi?" nikauliza. "Ngapi?"

"Kesho," akasema. "Nitakuandikia kesho."

*

Ijumaa sikufanya kazi ya maana. Nilipiga misumari na kuing'oa. Wifi alifika saa nne kuchukua viti vyake, na nadhani alikuja na maneno yake, lakini aliponiona uso alivibeba vyote viwili mwenyewe mpaka barabarani.

Saa nane Bwana Koma aliingia. Alikuwa amevaa hedifoni shingoni kama mkufu, na alikuwa anatembea upesi.

"Sema," nikamwambia.

"Kurasa nne. Haisikiki moja."

"Moja ya nini? Ulikosa nini?"

"Hakuna aliyeisikia hata mmoja. Shahidi alikohoa. Msimamizi mwenyewe kwenye nakala yake ameandika haisikiki palepale." Akavuta kiti cha kinyozi, akakaa. "Nilimwambia habari ya sikio. Nimemwonyesha na waya. Akazivaa, akasikiliza kushoto, akaniuliza ni duka gani linauza hizi. Nikamwambia hizi ni zilezile zake. Anataka ukamtengenezee vikombe vya wote, vyote viwili viwe kama hiki cha kushoto."

"Atalipa?"

"Nimemwambia fundi ni mkali, akapatane naye mwenyewe."

Nilicheka huku nimeshika meza. Alisubiri nimalize, kisha akatoa bahasha ya ofisi kutoka kwenye mkoba wake na kuiweka mbele yangu.

"Jaribio liliisha mapema," akasema. "Nikanakili na hii, kutoka kompyuta yangu."

Ilikuwa karatasi moja, imepangwa kama shauri kamili, na nambari za mistari pembeni. Taulo lilikuwamo. Mlango wa bafu ulikuwamo. Dada yake na sponji zangu walikuwamo, neno kwa neno, na koma zake zote. Hapakuwa na haisikiki hata moja. Nilishuka mpaka chini, mahali ambapo kila siku aliweka mabano, lile swali nililouliza nikiwa nimeupa mlango mgongo na bomba limefunguliwa.

SWALI: Na hebu nieleze, pembe yako ya ukutani imekukosea nini hata ukaihama?

Rekodi yangu iliishia hapo. Mimi ndiye niliyerekodi, najua. Na mume wangu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajaongeza neno hata moja ambalo halimo kwenye rekodi. Lakini chini ya swali kulikuwa na mstari mwingine, umepigwa chapa vizuri, na nambari yake pembeni.

JIBU: Haijanikosea. Ila nikikaa kule, wewe unakuwa upande wa sikio bovu.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikachukua koleo, nyundo na springi mbili mpya, nikafunga karakana saa nane na nusu mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya kazi, na tukaenda nyumbani kutengeneza pembe ya dirishani.